Kurasa Nilizozigandisha kwa Gundi ya Unga

Kitabu chenyewe kilitufikia mwaka 2010 ndani ya boksi la msaada kutoka Marekani, kikiwa kimebanwa katikati ya ensaiklopidia zilizopitwa na wakati na majarida ya bustani ambayo sikuelewa nani alifikiri yangetufaa. Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiingereza na kutunza maktaba katika shule ya sekondari ya bweni ya wavulana, kwenye miteremko ya mlima, mahali ambapo haisi kutoka stendi ya Moshi ilifika kwa nusu saa kama dereva hakusimama kwenye kila mgomba kusubiri abiria. Maktaba yetu zamani ilikuwa stoo ya kahawa, na wakati wa masika kuta zake zilikuwa bado zinatoa harufu ya magunia. Rafu zilikuwa nne. Kitabu chochote kilichokuwa na jalada na kurasa zake zote nilikipokea.

Hicho kiliitwa The Chocolate War, cha Robert Cormier, mwandishi wa habari wa Massachusetts, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1974. Nilikichukua kwa sababu ya jina tu, nikidhani ni kichekesho cha watoto na peremende. Nilikianza Jumamosi niliyokuwa zamu, nikakimaliza Jumapili usiku wanafunzi wakiwa prepo, na nilipokifunga niligundua kwamba chai niliyojimiminia ilikuwa imepoa bila kuonjwa.

Jerry Renault ni mvulana wa mwaka wa kwanza katika Trinity, shule ya Kikatoliki ya wavulana. Mama yake amefariki, na baba yake, ambaye ni mfamasia, anazipitisha siku zake kama mtu aliyelala macho wazi. Mkuu wa shule ni mgonjwa, na Brother Leon, anayekaimu nafasi yake, ameingiza fedha za shule katika biashara ya chokoleti ambayo sasa ni lazima ifanikiwe: boksi 20,000, maradufu ya mwaka uliotangulia, kila mvulana auze boksi 50. Ili mambo yaende, Leon anaegemea kundi la siri la wanafunzi liitwalo The Vigils, kundi ambalo kila mtu shuleni anajua lipo na hakuna mwalimu anayelitaja kwa jina. Kundi hilo linamwamuru Jerry akatae kuuza kwa siku kumi. Siku kumi zinakwisha, amri inaondolewa, naye anaendelea kukataa, safari hii kwa hiari yake mwenyewe. Mwishoni anaingizwa ulingoni usiku, mbele ya wanafunzi walionunua tiketi za bahati nasibu zinazoamua nani apige ngumi na ipige wapi, huku Leon akitazama kutoka mbali. Jerry anaanguka. Anachotamani kumwambia rafiki yake wakati huo ni kwamba asijaribu kupingana nao: auze chokoleti, acheze mpira, afanye wanachotaka. Archie, kijana aliyepanga yote, haadhibiwi.

Kwetu hakukuwa na chokoleti, kulikuwa na ushuru. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, yaani njuka, aliamka saa kumi alfajiri kuwachotea maji wa Kidato cha Nne, na Jumamosi alifua mashati yao. Jumapili ya kutembelewa, mama yake akishapanda haisi kurudi zake, aliitwa bwenini afungue tranka. Theluthi moja ya sukari, karanga na maziwa ya unga iliondoka hapo hapo, na hakuna aliyeuita huo wizi. Aliyegoma alipelekwa kuogelea: alitambaa kwa tumbo chini ya vitanda, kutoka mlango mmoja wa bweni hadi mwingine, na katika kila nafasi iliyoachwa kati ya vitanda viwili alikutana na mkanda. Tulikuwa walimu kumi na wanne kwa wavulana zaidi ya mia tatu, na watatu tu kati yetu ndio waliolala ndani ya eneo la shule. Viranja ndio waliokuwa shule yenyewe baada ya saa kumi na mbili jioni, na ofisini jambo hilo lilizungumzwa kwa neno moja, kukomazwa. Nasi tulikomazwa, walisema wenzangu, na tazama tulivyo.

Nami nilijua. Nasema hivyo mapema ili msomaji asinitafutie nafasi ya heshima katika simulizi hii. Kila asubuhi nilipofungua mlango nilikuta ndoo ya bluu imejaa maji kizingitini, imefunikwa kwa jani la mgomba lisiingie vumbi, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuuliza nani ameibeba kutoka bombani. Niliamini kiranja wa mazingira ana utaratibu wake.

Nilianzisha klabu ya kusoma siku za Ijumaa, na kitabu hicho kikazunguka kabla hata sijaamua kukifundisha. Kijana wa Kidato cha Tatu alikwenda nacho likizo. Muhula mpya wa mwaka 2011 ulipofunguliwa, Mkuu aliniita ofisini, nikakikuta kitabu juu ya meza yake kikiwa kimechomekwa vipande vya gazeti.

"Mwalimu, mzazi mmoja wa bodi amenipigia simu," alisema. "Humu mna maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya mke wangu."

Alikuwa amekisoma chote, na kwa hilo nilimheshimu, maana wengi hupiga marufuku kitabu kwa kusimuliwa tu. Kwa penseli, kwa mkono wake safi wa ualimu wa zamani, alikuwa ameweka alama mahali tisa. Nilizipitia nikiwa nimesimama. Matusi yalikuwa manne. Kulikuwa na mahali ambapo mvulana anamtamani msichana, na pengine ambapo mvulana anatishwa kwa aibu ya mwilini. Mengine yalimhusu Brother Leon. Mahali ambapo mtu alipigwa hapakuwa na alama hata moja.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, na singependa aonekane hivyo. Aliniambia, huku akicheka kidogo, kwamba yeye mwenyewe alipokuwa sekondari alikisoma Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi usiku, chini ya blanketi, kwa tochi ya kuazima. Riwaya hiyo, inayosimulia masaibu ya msichana, ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, kisha miaka ikapita na kitabu kile kile kikawa kinafundishwa darasani kama fasihi. Nilimuuliza kama kilimharibu. Alinyamaza, akasema kilimfanya amwonee huruma dada yake, lakini hakuthubutu kumwambia huyo dada kwamba amekisoma. Kisha akarudi kwenye ukuu wake. "Wakaguzi wakija wakakikuta? Na mimi hapa ni msimamizi wa taasisi ya dini. Mwalimu anayewatumia wanafunzi waonevu ili shule iende, tena Bruda! Watoto wakishasoma hivyo watatuonaje?"

Nadhani swali hilo la mwisho ndilo lililokuwa la kweli, na matusi manne yalikuwa nguo tu ya kulivisha. Sikumwambia. Badala yake nilifanya biashara: nikaomba kitabu kibaki, nami nitakishughulikia. Alifikiri, akaafiki, kwa sharti kwamba mwisho ule usiwepo, kwa sababu mtoto hafai kuachwa bila tumaini.

Usiku huo nilipika gundi kwa unga wa ngano juu ya jiko la mchina, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Nilitumia mswaki wa zamani. Maneno niliyafuta kwa ile dawa nyeupe ya kusahihishia, nikipuliza kila tone likauke kabla sijafunua ukurasa. Sura za mwisho nilizipaka ukurasa kwa ukurasa, nikazilaza pamoja, nikazikandamiza chini ya ensaiklopidia mbili, na asubuhi zikawa ubao mmoja mwembamba ambao haukuweza kufunuliwa bila kuchanika. Kitabu sasa kiliishia pale ambapo Jerry bado anakataa na bado hajapigwa. Kusema kweli nilijiona mwerevu. Nilikuwa nimekiokoa kitabu, nimemridhisha Mkuu, na mikono yangu ilinuka unga kama mikono ya mama aliyetoka kupika maandazi.

Klabu ilikuwa na wavulana ishirini na kitu. Kiingereza cha Cormier kiliwashinda wa kidato cha kwanza, kwa hiyo nilisoma aya, nikaieleza kwa Kiswahili, nikaendelea. Walikielewa kitabu kuliko nilivyotarajia. Brother Leon alipomwita mwanafunzi mbele na kumtuhumu kwa udanganyifu ambao hakuufanya, huku darasa zima likinyamaza, hakuna aliyehitaji ufafanuzi. Tulipofika kwenye ubao wangu wa gundi walilalamika, wakataka kujua kilichotokea.

Nikawatungia. Nilisema rafiki yake Jerry alirudisha boksi zake mezani kwa Leon, akafuata mwingine, akafuata wa tatu, mpaka ukumbi ukajaa chokoleti ambazo hazikuuzwa, na kundi la siri likabaki halina wa kumtuma. Nilisema Leon alihamishwa. Walipiga makofi, wengine wakagonga madawati. Mvulana mmoja mdogo kutoka Upareni, njuka aliyekuwa akikaa karibu na dirisha na sweta lililomzidi mikono, hakupiga makofi. Alinyosha mkono.

"Madam, nani alianza kurudisha?"

"Rafiki yake," nilimjibu.

Akaandika kwenye daftari.

Baada ya wiki mbili ilikuwa Jumapili ya kutembelewa. Niliyasikia yaliyotokea kwa vipande, na mengine niliambiwa miaka mingi baadaye, lakini kiini chake ni hiki: mvulana yule alikubaliana na mwenzake wa kitanda cha chini kwamba jioni ile wote wawili wasifungue matranka. Alimweleza kwamba wakianza wawili, wa tatu atakuja mwenyewe. Walipoitwa, mwenzake alisimama kidogo, akatazama sakafu, akafungua. Mvulana wangu akabaki peke yake juu ya tranka lake, amelikalia. Walimwacha. Wakasubiri taa zizimwe saa nne.

Nyumba yangu ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Nilikuwa nasahihisha madaftari kwa taa ya chemli kwa sababu umeme wa upande wetu ulikatika, na nilisikia kishindo cha viganja na mbao kutoka bwenini, nikajisemea kuwa wana redio ya kuficha na timu fulani ya Uingereza imefunga bao. Nikatabasamu hata. Niliwahi kuilaumu redio ile mbele ya walimu wenzangu, na mpaka leo sijui kama iliwahi kuwepo.

Asubuhi nilifungua mlango, ndoo haikuwepo. Naona haya kuandika kwamba nilikasirika. Nilivaa kandambili nikashuka bombani kumtafuta aliyezembea, na hapo njuka mmoja, bila kuinua macho, akaniambia kwamba anayeleta maji kwangu yuko zahanati ya shule. Nilimkuta amelazwa upande, sweta limekatwa kwa mkasi. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika na umejitokeza chini ya ngozi kama kidole kinachosukuma shuka. Tulimpeleka hospitali mjini kwa gari la kuomba la muuza maziwa, nami nikamshikilia katikati ya madumu, kila shimo la barabara likimtoa sauti ambayo hakutaka niisikie.

Wodini, akiwa tayari amefungwa bendeji, aliniambia kitu kimoja tu.

"Madam, hakuna aliyerudisha boksi."

Shule iliandika kwenye kitabu cha matukio kwamba kulikuwa na ugomvi wa bwenini. Wavulana sita wa Kidato cha Nne walichapwa paredi, wawili kati yao wakasimamishwa wiki tatu. Kanuni za nchi zinataka viboko visizidi vinne, tena vitolewe na mkuu wa shule au mtu aliyempa idhini. Siku ile sikuhesabu hata mmoja aliyepata vinne tu. Tuliponya mkanda kwa fimbo, njuka wakitazama, na sina shaka walijifunza walichofundishwa. Ushuru ulisimama mpaka mwisho wa muhula, halafu ukarudi kwa jina lingine.

Kilichobaki ni kikao cha walimu. Mkuu alikiweka kitabu mezani akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba ameonya. Kitabu kimemchochea mtoto. Wenzangu waliitikia kwa vichwa, mmoja akaongeza kwamba vitabu vya kizungu huwajaza watoto jeuri, na nikatakiwa niseme lolote nililo nalo. Nilipaswa kusema kwamba kitabu hakikumchochea. Kitabu, kama kingesomwa hadi mwisho, kingemwambia kwamba anayesimama peke yake anaweza kuachwa na wote, rafiki akiwemo, na kwamba wakubwa wanaweza kutazama tu. Kingemwambia ajipime kwanza kabla ya kulikalia tranka. Kilichomchochea ni mwisho niliopika mimi, pamoja na gundi. Lakini nilisema, "Sina la kuongeza, Mkuu." Kitabu kikafungiwa kabatini. Nilipohama shule hiyo mwaka 2012 nilikichukua bila ruhusa, na neno la jambo hilo ni wizi.

Ni baada ya kuhamia mjini Moshi ndipo nilipopata nafasi ya kumfuatilia Cormier mwenyewe, jioni jioni, kwa intaneti ya kulipia kwa saa. Niligundua kwamba hadithi ilianzia nyumbani kwake. Kijana wake Peter alirudi kutoka shule na mfuko wa chokoleti za kuuza, akaamua kutouza, akazirudisha. Hakuna kilichompata. Baba ndiye aliyebaki akijiuliza ingekuwaje kama kingempata, na kutokana na swali hilo akaandika riwaya. Hapo nilicheka peke yangu kwa uchungu: mwisho niliowatungia wavulana wangu ulifanana zaidi na yale ya Peter, na Cormier, aliyeyaona hayo kwa macho yake nyumbani, ndiye aliyeona kwamba hayatoshi. Wachapishaji kadhaa waliikataa kazi yake, na kulikuwa na waliotaka abadili mwisho uwe na nuru. Alikataa. Hatimaye Pantheon wakaitoa kama ilivyo.

Tangu hapo kitabu hicho hakijapumzika. Chama cha Maktaba cha Marekani huhifadhi kumbukumbu za malalamiko ya kutaka vitabu viondolewe mashuleni na maktabani, na katika muongo wa 1990 hadi 1999 The Chocolate War kilikuwa cha nne kwa kulalamikiwa. Katika muongo uliofuata kikapanda hadi cha tatu. Mwaka 2004 peke yake kiliongoza orodha. Sababu zilizotajwa mwaka huo ni ngono, lugha chafu, mtazamo wa kidini, kutofaa kwa umri na ukatili. Nilipoisoma orodha hiyo niliikumbuka penseli ya Mkuu, isipokuwa wale wa Marekani angalau waliutaja ukatili. Wapo pia wahakiki waliosema kitabu kinamfunza kijana kwamba wema haufai kitu. Hoja hiyo siipuuzi. Mtoto wa miaka kumi na tatu akiachiwa ukurasa ule wa mwisho peke yake usiku, anaweza kuamka asubuhi na shauri baya moyoni. Anahitaji mtu mzima karibu naye. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwepo karibu, nikiwa na muda, na lugha mbili, na ishirini na kitu waliotaka kusikiliza, na nafasi hiyo niliitumia kudanganya.

Februari mwaka 2023, Wizara ya Elimu, kupitia kwa Waziri Adolf Mkenda, ilitangaza kupiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kukiuka maadili, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney, ambavyo watoto wa shule za Arusha na Moshi zenye kufundisha kwa Kiingereza walikuwa wakivipokezana kama karanga. Kundi letu la walimu wastaafu na waliobaki kazini lilichangamka kwenye simu siku hiyo. Wengi walishangilia, wachache walikasirika. Nami sina ugomvi na nchi kuamua nini kiingie darasani, kwa kuwa mahali fulani lazima mtu mzima aamue. Nilijikuta tu nimekaa na simu mkononi nikiangalia kabati, kwa sababu nilijua mwenyewe jinsi kazi ile inavyomfurahisha mfanyaji. Mtu anayefunga kurasa za kitabu hajihisi mwoga hata kidogo, anajihisi mlezi.

Nilikitoa. Nilichemsha birika, nikazishikilia zile kurasa juu ya mvuke, nikapitisha kisu cha siagi katikati polepole kama mtu anayefungua ganda la yai lililochemshwa. Vidudu vilikuwa vimenisaidia: gundi ya unga ni chakula, na kwa miaka kumi na miwili vilikuwa vimeila, vikaacha vijitundu visafi kati ya mistari. Kurasa nyingi ziliachia. Mbili zilikataa, na moja ilipochanika herufi zake zilibaki zimegeuka nyuma mbele kwenye ukurasa wa jirani, nikazisoma kwa kioo cha kujipambia, nikazinakili kwa kalamu kwenye karatasi nikaipachika mahali pake.

Kumpata mvulana wangu hakukuwa kazi ngumu, Moshi si mji mkubwa. Ni fundi simu karibu na soko la Mbuyuni, ana kibanda chenye kioo mbele na taa ya mezani yenye shingo ndefu, na bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yalinipotea. Nikamwambia tu kwamba mwisho niliowasimulia mwaka ule haukuwa wa kitabu, niliutunga, na kwamba nimemletea wa kweli. Hakushtuka.

"Nilijua, Madam. Ulipokuwa unasoma ulikuwa unaangalia kitabu. Siku ile ulikuwa unaangalia dirishani."

"Sasa mbona ulifanya vile, kama ulijua?"

Alifikiri, akizungusha bisibisi ndogo kati ya vidole. "Nilijua si cha kwenye kitabu. Nilidhani ni wewe unatuambia kwamba tukifanya hivyo, utakuwepo."

Sikuwa na jibu, na sina. Niliacha kitabu juu ya kioo, katikati ya simu zilizofunguliwa mifuniko, nikaondoka.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Alikuwa amekisoma taratibu, alisema, kwa kamusi ya kwenye simu, wateja wakiingia na kutoka, na sura za mwisho alizisoma mara mbili. Alinionyesha kwa kidole vile vijitundu vya vidudu akauliza ni nini, nikamweleza, akacheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameinamia simu ya mteja, anapuliza vumbi kwenye vyuma vyake vidogo, na aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hawa walimu wake walikuwa wanajua?"

"Walikuwa wanajua."

"Wote?"

"Karibu wote. Mwishoni alikuja mmoja, Brother Jacques, akazima taa za uwanjani ili pambano lisimame."

Akaivuta taa ya mezani karibu zaidi.

"Sisi zilikuwa zimeshazimwa, Madam."